Pikapu Imeoza: Kipi cha Kuchomelea, Kipi cha Kubadilisha, Kipi cha Kuacha Kilivyo

Pikapu yangu niliinunua kwa bei inayokaribia ya pikipiki mbili za boda. Injini ilikuwa nzima, giaboksi nzima, logibuku safi, na rangi iling'aa kama ya gari la harusi. Wiki ya tatu nilikuwa naosha kebini baada ya kubeba sukuma wiki kutoka Marikiti, nikashangaa kuona maji ninayomwaga sakafuni hayatoki mlangoni. Nilipochungulia chini nikayakuta yanachuruzika taratibu karibu na giaboksi. Kumbe chini ya kapeti kulikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, limezibwa kwa kipande cha boksi kilichopakwa lami.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na gari la namna hiyo: la bei nafuu, la kazi, la miaka ishirini au thelathini, ambalo bado linamletea unga nyumbani. Anayetengeneza gari la maonyesho ana hesabu nyingine. Sisi tunatafuta mahali pa kuweka shilingi chache tulizonazo ili gari lisituue, lisikataliwe kwenye ukaguzi, na lisituozee mkononi.

Kabla hujauliza bei ya kitu chochote, jiulize: sehemu hii imebeba nini? Kuna vyuma vilivyobeba uhai wako, kama vile paipu za breki, usukani, springi, chasisi na mahali mikanda ya viti inapofungwa. Kuna vilivyobeba mzigo. Na kuna vinavyozuia tu maji na macho ya watu. Mafundi wengi wa mtaani watakuanzishia hili la mwisho kwa sababu ndilo unaloliona na ndilo linalong'aa ukilipa. Anza upande wa pili.

Kutu inatoka wapi hapa Nairobi

Chuma kikikutana na maji na hewa kinapata kutu. Chumvi ikiongezeka, mambo yanaenda mbio. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mbali na upepo wa chumvi, kwa hiyo gari lililokulia hapa huoza polepole. Chumvi huletwa. Gari lililofanya kazi Mombasa au Kilifi linayo. Lililotoka Uingereza, au sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, hufika likiwa na kebini nzuri juu na chasisi iliyochubuka chini. Lililobeba samaki wa baharini au mbolea lina chumvi iliyoingia kwenye mikunjo yote ya bodi ya nyuma. Muulize muuzaji gari lilibeba nini, usiishie kuuliza limetembea kilomita ngapi.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika: betri. Asidi inayotoka kwa betri kuukuu hula trei yake, kisha hudondoka kwenye reli ya chasisi iliyo chini. Ukiona unga mweupe na chuma kilichomenyeka hapo, koroga magadi kwenye maji, mwagia mpaka povu liishe, suuza. Magadi huua asidi. Ndipo uanze kukadiria uharibifu.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo. Ndiyo maana mabati mawili yaliyobanwa pamoja huvimba katikati na kupasua rangi. Ukiona uvimbe nje, jua kazi ilianzia ndani zamani. Unachokiona ni mwisho wa hadithi.

Siku ya ukaguzi: tenga asubuhi nzima

Peleka gari likaoshwe chini kwa maji ya presha, kisha liache likauke siku moja. Usikague gari lenye tope, maana tope huficha matundu, na maji hufanya kutu nyepesi ionekane mbaya.

Inua gari kwa jeki, halafu liweke juu ya stendi za chuma au magogo mazito mapana. Mawe ya kuokota na matofali yanayopasuka usiyatumie, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Kila mtaa una hadithi ya fundi aliyefanya hivyo.

Vifaa: bisibisi kuukuu yenye ncha, nyundo ndogo, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, brashi ya waya, chaki, na simu yenye tochi. Simu ndiyo bora kuliko vyote, kwa sababu unaweza kuiingiza mahali kichwa hakiingii ukapiga picha.

Gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama boksi. Kila kinapojibu vibaya, sukuma bisibisi kwa nguvu. Mwenye gari akikuzuia kusukuma bisibisi kwenye chasisi ya gari analokuuzia, umeshapata jibu lako, nenda nyumbani. Juu ya rangi tumia sumaku: mahali isiponata, chini yake kuna fila (plasta ya kusawazisha bodi) badala ya bati.

Pa kupima ni hapa. Sakafu ya kebini pande zote mbili, kapeti ikiwa imetolewa. Kona za chini za kebini nyuma ya milango. Kingo za chini za milango, ambako matundu ya kutolea maji huziba kwa vumbi na mlango ukageuka ndoo. Ukingo wa kioo cha mbele chini ya mpira. Mabati yanayofunika magurudumu. Sakafu ya bodi ya nyuma, hasa pale inapolala juu ya mihimili yake. Juu ya tangi la mafuta. Kisha chasisi yote: hanga za springi, mahali boksi ya usukani imefungwa, mahali mikono ya gurudumu la mbele inapopigwa boliti, na pale reli inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Hapo pa mwisho tope hukaa miaka.

Chora kwa chaki. Mimi huweka duara kwa kutu ya juujuu, alama ya kuzidisha kwa tundu, na mistari miwili kwa chochote kilichobeba uhai. Piga picha kabla mvua haijafuta.

Kutu ya juujuu, kutu ya mashimo, na kuoza

Ya juujuu huondoka kwa brashi ya waya na chini yake kuna chuma laini. Hiyo haihitaji kuchomelewa wala kubadilishwa. Inahitaji jioni moja na rangi. Ya mashimo imekwaruza chuma kama ndui. Kwenye bati la mlango unaweza kuisafisha na kuipaka dawa ya kutu, lakini kwenye paipu ya breki hiyo tayari ni hukumu. Kuoza ni pale bisibisi inapopita. Dawa ya kutu, ambayo mara nyingi ni asidi ya fosfori inayogeuza kutu kuwa tabaka gumu jeusi, haina la kufanya hapo. Haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuondoka.

Vya kubadilisha bila mjadala

Paipu za breki za chuma zilizoliwa hazichomelewi, hazipigwi shaba, hazifungwi na kipande cha mpira na klipu. Ondoa urefu wote, kutoka kiungo hadi kiungo. Paipu mpya ya magari mengi madogo ni ya milimita 4.75, na fundi wa breki mwenye kifaa cha kupanua ncha ataitengeneza huku unasubiri. Mwambie akutumie paipu ya chuma iliyopakwa au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu. Badilisha na mafuta ya breki yote: mafuta hayo hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo ndio unaoozesha paipu na silinda kutoka ndani. Kutoa hewa anza gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Majani ya springi yaliyopasuka au kuliwa hubadilishwa. Usikubali mtu akuchomelee jani la springi. Chuma kile kimekazwa kwa moto maalum, na moto wa kuchomelea hukiondolea ukakamavu. Litakatika tena sentimita moja pembeni, safari hii na mzigo juu. Nunua springi iliyotumika ikiwa nzima, lakini yu-bolti na boliti ya katikati nunua mpya.

Viungo vya usukani na mahali mikanda inapofungwa: hivyo hivyo.

Tangi la mafuta ni kesi ya peke yake. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani kuna mvuke. Hata kama limekaa miezi, limeoshwa kwa sabuni, au ni la dizeli, usilichomelee. Moto wa kuchomelea huamsha mabaki yaliyonata kwenye mishono. Tafuta tangi jingine. Hii si kazi ya kuokoa pesa.

Na boliti. Ukifungua boliti yenye kutu kwenye sehemu ya springi au usukani, usiirudishe. Mwagia mafuta ya kupenya usiku mmoja kabla, asubuhi ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, maana kuikaza huvunja kutu bila kukata kichwa. Mpya inunue yenye namba 8.8 au zaidi kichwani. Boliti isiyo na namba ni ya kufungia geti.

Chasisi: hapa ndipo gari linapoamuliwa

Chasisi ikiwa na kutu ya juujuu, shukuru, isafishe, ipake. Ikiwa na tundu moja mahali pamoja, na chuma kinachozunguka tundu hilo ni kinene na kinalia ukikigonga, inatengenezeka. Ikiwa na matundu mahali patatu, au reli imeoza kwenye boksi ya usukani, au imevimba kwa urefu wa mkono mzima, mimi nisingeweka hata mia hapo. Liuze kwa vipande. Injini, giaboksi, milango na magurudumu vikiuzwa kimoja kimoja mara nyingi huleta zaidi ya gari zima lenye chasisi mbovu.

Watu watakwambia ununue chasisi nyingine uhamishie kila kitu. Kwa lori la maana, huenda. Kwa pikapu ya bei yetu, ni kazi ya wiki kadhaa, na kuna shida ya pili: namba ya chasisi. Namba iliyochongwa kwenye reli ndiyo gari lenyewe kisheria. Usiruhusu mtu aikate, aisage, aichomelee juu au aihamishe. Kama kuoza kumefika kwenye namba yenyewe, zungumza na NTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani inayosajili magari, kabla grinda haijawashwa, wala usingoje kuulizwa baadaye.

Ukiamua kutengeneza, hatua ni hizi.

Tafuta fundi anayefanya chasisi za malori, wale wanaojenga bodi Industrial Area au Kariobangi Light Industries. Fundi wa mageti anaweza kuwa na mkono mzuri sana, lakini mlango wa geti haubebi tani moja ya viazi kwenye matuta.

Weka gari sawa kwenye stendi, upande wa kulia na kushoto urefu mmoja, kabla ya kukata. Pima kwa utepe kutoka boliti moja hadi nyingine kwa mshazari, kulia kwenda kushoto na kinyume chake, uandike. Baada ya kazi pima tena. Namba zikitofautiana, gari litatembea likiangalia pembeni kama kaa.

Toa vichwa vyote viwili vya betri. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua alteneta na kompyuta ya gari kama lina kompyuta. Kamba ya ethi ifungwe karibu na pale panapochomelewa, umeme usipite kwenye beringi za magurudumu. Sogeza paipu za mafuta na breki. Lami ya chini ya gari hushika moto, kwa hiyo mtu mmoja akae na ndoo ya maji na mchanga, asiwe na kazi nyingine yoyote.

Kata mpaka ufikie chuma kizima. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi anabandika pleti juu ya uozo, anachomelea kingo, anapaka rangi nyeusi. Pleti ni mpya, lakini imeshikilia kitu gani? Uozo unaendelea kimyakimya kati ya vyuma viwili. Mzee mmoja wa Kariobangi, ambaye sasa ndiye ninayempelekea gari, alinionyesha pleti ya namna hiyo niliyokuwa nimelipia kwingine mwaka uliotangulia. Aliigonga mara mbili ikaning'inia. "Kijana," aliniambia, "hapa hakuna chuma. Hapa rangi imejisimamia yenyewe."

Jaza pengo kwa chuma cha unene ule ule wa reli. Kipime mahali pazima, usikisie. Kisha weka pleti ya nje ya kuongeza nguvu, ncha zake zikatwe mshazari kama mkia wa samaki. Mshono ulionyooka wima ukikata reli unatengeneza mahali pa kupasukia, lakini mshazari husambaza uzito. Usipitishe mshono kukata ukingo wa juu wala wa chini wa reli, kwa kuwa hapo ndipo nguvu yote inapovuta. Vijiti vya kuchomelea viwe vikavu. Kwa chasisi omba 7018, sio vile vya kawaida vilivyokaa kwenye unyevu wa kibanda. Na chuma kiachwe kipoe chenyewe. Ukiona mtu ameshika ndoo ya maji kukipoza, mzuie.

Sakafu, kona na bodi ya nyuma: kuchomelea hulipa

Sakafu na kona za kebini hazifunguki kwa boliti. Kuzibadilisha maana yake ni kukata kebini nzima, kwa hiyo swali la kubadilisha halipo. Swali ni kama kazi itafanywa mara moja au kila mwaka.

Toa viti, kapeti, nyaya, na sponji. Kata zaidi ya unavyoona, sentimita mbili tatu ndani ya bati zima. Chora kiolezo kwa boksi la kadibodi, likubali kukaa, kisha peleka kwenye bati.

Bati gani? Hapa nimefanya kosa mwenyewe. Nilitumia kipande cha mabati ya paa kilichobaki nilipoezeka jikoni la mama. Mabati ya paa ya geji 28 au 30 yana unene wa kama theluthi moja ya milimita. Bati la gari ni mara mbili au zaidi ya hapo. Fundi akilichomelea linatoboka, na zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi mweupe unaomletea mtu homa na kutetemeka usiku kama ana malaria. Kwa sakafu tumia bati jeusi la geji 18, yaani milimita 1.2 hivi, kwa sehemu za nje geji 20. Au fanya wanavyofanya wajanja: nunua paa au boneti ya gari kwenye skrapu, bei ya kilo, ukate kutoka hapo. Unapata bati la gari kweli.

Kama kuna mikunjo, mafundi wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku na makarai wataikunja kwa nyundo vizuri kuliko mashine nyingi. Wapelekee kiolezo na kipande cha zamani, hata kama kimeoza. Sakafu ya bodi ya nyuma yenye mabonde yake nilitengenezewa hivyo, na hakuna anayeitambua kuwa ni ya nyundo.

Kuchomelea, tafuta mwenye mashine ya CO2, ile ya waya na gesi. Ya vijiti inawezekana kwa mkono mzuri, lakini kwenye bati jembamba hutoboa. Achomee kwa nukta, moja hapa, nyingine mbali, arudi katikati, mpaka nukta zikutane. Mshono mrefu wa mara moja hupasha bati moto, nalo hujikunja kama chapati.

Ukimaliza, saga, ziba kila mshono kwa sila ya bodi, ile gundi ya kuzibia mishono, pande zote mbili, ndipo praima na rangi. Sehemu zilizofungika, kama ndani ya kona za kebini, haziwezi kupakwa kwa brashi. Nyunyizia nta ya kuzuia kutu kwa kijipaipu kupitia tundu dogo, kisha ziba tundu kwa kizibo cha mpira.

Kuhusu fila: ina kazi yake. Tabaka la milimita mbili au tatu la kusawazisha bati zima ni sawa. Kuziba tundu kwa fila ni kununua sponji, kwa maana fila hunywa maji na kuyashikilia kwenye chuma. Mwaka wangu wa kwanza nililipa kona ya kebini ikatengenezwa "kama mpya". Mvua za Aprili zilipofika, kipande cha ukubwa wa sahani kilidondoka Jogoo Road mbele ya matatu. Ndani kulikuwa na waya wa kuku na gazeti. Gazeti lilikuwa bado linasomeka.

Vinavyofunguka kwa boliti: linganisha bei

Boneti, madigadi ya mbele, mlango wa nyuma wa bodi, milango, bampa. Hivi mara nyingi ni nafuu kubadilisha, ukipata kizima. Milango ndiyo ya kufikiria: ukingo wa chini ukiwa umeoza peke yake, mkunjo mpya huchomelewa kwa nusu siku, nao mlango wako tayari unafunga vizuri. Mlango wa gari jingine unaweza kukusumbua miezi.

Spea za mitumba ziko Kirinyaga Road, ambako watu bado wanaita Grogan. Nenda asubuhi siku ya kazi, ukiwa na sumaku na bisibisi yako. Spea ya "ex-Japan" si lazima iwe bila kutu. Gari lile lilikatwa kwa sababu fulani. Geuza kipande uangalie mikunjo ya ndani, pale rangi haikufika. Kikiwa kimepakwa rangi mpya huku kinauzwa kama cha zamani, uliza ni nini kilikuwa chini. Chukua risiti na uhakikishe muuzaji ana duka analorudi kesho. Kipande kisicho na asili kinaweza kukuletea polisi badala ya faida.

Vipande vipya vya kuigiza huwa vyepesi kuliko vya asili, na rangi nyeusi vinayokuja nayo kwa kawaida ni ya safari tu. Isugue kwa msasa, praima pande zote mbili, ndipo rangi. Jaribu kwanza kwenye gari kabla ya kupaka, ili kikikataa kukaa urudishe.

Ekzosi usihangaike nayo. Paipu hukunjwa mjini kwa bei ya kawaida. Badilisha kipande kilichooza, acha kingine.

Hesabu yenyewe

Andika kila alama ya chaki kwenye karatasi. Kwa kila moja weka bei ya kipande, bei ya mkono, bei ya vitu vidogo, na siku gari litakazolala. Vitu vidogo ndivyo vinavyoua: diski za grinda, gesi, vijiti, thina, msasa. Fundi atakwambia "hizo ni zako", nazo hufika robo ya kazi kabla hujashtuka. Na siku za kulala ni pesa; kama pikapu inakuingizia kitu kila siku, kazi ya bei nafuu ya siku kumi inaweza kushindwa na ya bei ghali ya siku tatu.

Panga kwa utaratibu huu: uhai kwanza, mzigo pili, maji tatu, uzuri mwisho. Jumlisha viwili vya kwanza peke yake. Vikizidi nusu ya bei ambayo gari lingepata likiwa zima, mimi husimama hapo, nikalifikiria upya. Visipozidi, endelea, na usione haya kutembea na mlango wa rangi tofauti mwaka mmoja.

Mlipe fundi kwa hatua: sehemu ya kwanza akianza, ya pili ukiona matundu yaliyokatwa safi kabla hayajafunikwa, ya mwisho ukishaendesha. Hiyo ya katikati ndiyo muhimu. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba utakuja kuangalia kabla ya praima. Fundi mzuri hakasiriki.

Rangi na kinga

Fanya Januari au Februari, jua likiwa limeshika. Julai ya Nairobi, na manyunyu yake na baridi, hukausha rangi kwa nje na kufungia unyevu ndani. Praima ya epoksi ya vikopo viwili ni bora kuliko redi oksaidi, ingawa redi oksaidi kwenye chuma kilichosafishwa hushinda epoksi juu ya vumbi. Praima nyingi zikiwa peke yake hupitisha maji. Usiendeshe mvuani wiki mbili ukisubiri pesa ya rangi.

Usipake lami juu ya kutu. Hufunika unyevu, nayo hupasuka kwa siri. Oili chafu ya injini, ambayo kila garaji itakushauri upake, hufanya kazi kidogo, lakini hula bushi za mpira, hukusanya vumbi, huingia mifereji ya maji, na siku utakayotaka kuchomelea, chini kote kutawaka. Nta au grisi nyepesi ndani ya reli inatosha.

Ukibadilisha rangi ya gari au injini, maelezo hayo lazima yalingane na rekodi za NTSA. Yashughulikie kabla ya kupeleka gari kwenye ukaguzi wa Likoni Road. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na chini ya gari ndipo wanapoangalia. Osha chini kabla ya kwenda, ili mishono yako mizuri ionekane.

Baada ya hapo kinachobaki ni tabia mbili. Kila masika na vuli zikiisha, ingiza spoku ya baiskeli kwenye matundu ya chini ya milango na ya kona za kebini mpaka maji yatoke. Na ukibeba mboga zilizomwagiwa maji, au samaki, osha bodi siku hiyo hiyo, jioni, uache mlango wa nyuma wazi likauke.